Tela la Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga Vifaa vya Kukokotea kwa Pikapu na Malori ya Malindi

Malindi tela halikosi kazi. Boti hushushwa ufukweni na kupandishwa, matangi ya maji hupelekwa Magarini kiangazi kikikaza, chumvi hutoka Gongoni na Marereni, na shehena ya Lamu huvutwa hadi Mokowe, mahali gari linapokoma na chombo cha baharini kinapoanza. Nyuma ya pikapu nyingi zinazofanya kazi hizi utakuta kipande cha chuma kilichochomelewa pembeni mwa barabara, kikapigwa rangi nyeusi, kikaitwa imara. Huenda ni imara kweli. Tabu ni kwamba hakuna anayeweza kukwambia ni imara wa kilo ngapi, si aliyekitengeneza wala anayekivutia.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja: kila kifaa kati ya gari na tela kiwe na namba yake unayoijua, na namba ndogo kuliko zote ndiyo uwezo wako wa kuvuta. Ukiwa na mkono wa tela wa tani tatu na nusu, mnyororo wa tani mbili, na gari lililoruhusiwa kilo 1,500, basi wewe ni mtu wa kilo 1,500.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kabla ya kuingia dukani

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya chuma. Anza na uzito. Chukua mfano wa boti ya fibaglasi ya mvuvi wa kawaida: gamba lake kilo 700, injini moja ya nguvu za farasi 115 ya viharusi vinne takriban kilo 175, petroli lita 150 ambazo ni kama kilo 110, halafu nanga, betri, barafu, kamba na vyombo vya uvuvi tuseme kilo 115. Ongeza tela lenyewe, kilo 400. Umefika kilo 1,500, na mwenye boti alikuwa akisema “ni kiboti cha kilo mia saba tu.”

Maji hayana ubishi: lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima kabla hujahesabu tangi na tela. Na tangi lililojaa nusu ni baya zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbia mbele ukishika breki na kurudi nyuma ukiongeza mwendo, yakisukuma gari kila yanapogonga ukuta. Ama uweke vizuizi ndani ya tangi, ama usafiri nalo likiwa limejaa au tupu.

Usipoweza kukadiria, tafuta mizani. Wenye bohari za nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wanazo mizani za kupimia magari, na kupimisha tela mara moja ni nafuu kuliko difu mpya.

Hatua ya pili: liulize gari lako

Fungua kitabu cha gari, au tafuta kibao cha chuma kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Unataka namba nne: uzito wa juu wa gari likiwa limebeba, uzito wa juu wa tela lenye breki, uzito wa juu wa tela lisilo na breki, na uzito wa gari na tela kwa pamoja. Hii ya nne ndiyo inayosahauliwa. Pikapu inaweza kuruhusiwa kuvuta kilo 3,500 na kubeba tani moja, lakini isiruhusiwe kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Baadhi ya Hilux na D-Max za miaka ya karibuni zimeruhusiwa hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki, ilhali za zamani ziko chini ya hapo sana. Kwa hiyo “hii ni Hilux” si jibu. Mwaka, injini na giaboksi ndivyo vinavyoamua. Kwa tela lisilo na breki, pikapu nyingi hukoma kilo 750. Ukivuka hapo, tela liwe na breki zake lenyewe. Mimi hili silijadili na mtu, maana mteremko wa kuingia daraja la Kilifi umewafundisha wengi wasiotaka kufundishwa.

Gari lililoongezewa springi haliongezi uwezo wa kuvuta. Springi hubeba. Breki, klachi, chesisi na mfumo wa kupoza injini vimebaki vile vile.

Hatua ya tatu: chagua aina ya kiungio

Kwa pikapu na matela madogo, kinachotawala ni kipira cha chuma na kikombe kinachokaa juu yake. Kipimo cha kawaida kwetu ni milimita 50. Jihadhari na vifaa vilivyotoka Marekani, kwa sababu kule kuna kipira cha inchi 1 na 7/8, cha inchi 2, na cha inchi 2 na 5/16. Kile cha kwanza kina milimita 47.6. Ukikivalisha kikombe cha 50 kitafunga, utasikia “kla!”, na utaondoka ukijua umefunga. Tuta la kwanza litakinyanyua kikombe juu. Kile cha inchi 2 kina milimita 50.8, na kikombe cha 50 hukivaa kwa kubana au hakikivai kabisa. Pima kwa kalipa, usipime kwa jicho.

Kwa kazi ya barabara mbovu, machimbo ya mawe au njia za mchanga, mimi napendelea pete na pini: pete nene kwenye mkono wa tela, na pini au ndoano yenye kufuli nyuma ya gari. Ina kelele, inagongagonga, na mtu wa boti ya kifahari hataipenda. Lakini inavumilia gari kupinda juu na chini kwenye mashimo kwa kiasi ambacho kikombe hakivumilii, na mchanga hauizibi.

Canter na malori ya kati yenye tela kamili hutumia pete ya milimita 40 au 50 na kiungio cha taya kinachofunga chenyewe. Hapa kipira hakifai. Kiungio cha kipira cha 50 kwa kawaida hukoma kwenye matela ya kilo 3,500. Nimeona Canter zikivuta tani tano za mawe kwa kipira cha pikapu, na kila anayekutana nazo barabarani anaubeba ule mchezo bila kuulizwa.

Hatua ya nne: hesabu ya D na uzito wa puani

Kwenye kibao cha kiungio kilichotengenezwa kiwandani utakuta herufi D na S. D ni nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela, kwa kilonyutani. Unaipata hivi: zidisha uzito wa gari kwa uzito wa tela (kwa tani, vyote vikiwa vimejaa), gawanya kwa jumla ya uzito huo, halafu zidisha kwa 9.81.

Pikapu yenye uzito wa juu wa tani 2.9 na ile boti yetu ya tani 1.5: 2.9 mara 1.5 ni 4.35. Gawanya kwa 4.4, zidisha kwa 9.81, unapata takriban 9.7. Kiungio chenye D ya 10 kingepita kwa kuponea, ila mimi ningenunua cha 12 au zaidi, maana barabara zetu haziko kwenye hesabu hiyo. Sasa fanya Canter ya tani 7.5 na tela la tani 5: unapata 29.4. Ukiona tofauti hiyo utaelewa kwa nini kipira cha pikapu hakina kazi pale.

S ni uzito unaokandamiza kipira kutoka juu, yaani uzito wa pua ya tela. Uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela. Kwa boti yetu ni kilo 75 hadi 150, na ningelenga kama 105. Ukipungua mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia ukifika mwendo wa 70, na dereva asiyejua huongeza mwendo ili “linyooke.” Ukizidi mno, nyuma ya gari hulala, mbele hunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangaza minazi. Na kumbuka uzito wa pua ni mzigo wa gari: ukiweka kilo 105 puani, umebakiwa na kilo 105 pungufu za kubeba kwenye bodi.

Kuupima ni rahisi. Weka mizani ya bafuni chini ya pua, simamisha kipande cha mbao juu yake kwa kimo cha kipira, shusha pua juu ya mbao, soma. Ikiwa mizani haifiki, chukua ubao mnene: upande mmoja uukalishe juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, na pua uishushe theluthi moja ya urefu kutoka kwenye tofali. Kile mizani inachosoma, zidisha kwa tatu. Ukitaka kubadilisha uzito huo, sogeza boti mbele au nyuma juu ya tela, au hamisha betri na tangi la petroli.

Hatua ya tano: cha kiwandani au cha fundi?

Fundi wetu wa kuchomelea ana mikono mizuri. Mageti ya mji huu ni ushahidi. Lakini akikwambia “bosi, hiki chuma ni kinene, kitavuta hata trekta,” anakupa unene, na ulichohitaji ni uwezo. Weldi iliyo nzuri kwa macho inaweza kuwa haikupenya, na chuma kikishapashwa moto sana pembeni mwa weldi hubadilika tabia, kikaanza kupasuka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa kila siku.

Ushauri wangu: kile chuma kinachofungwa kwenye chesisi, nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli ya gari lako, chenye kibao cha D na S. Cha mtumba kinakubalika ikiwa kibao kinasomeka, hakina alama ya ajali, matundu ya bolti hayajawa mayai, na hakuna weldi iliyoongezwa baadaye. Fundi mpe kazi ya kutengeneza tela: fremu, vilalio vya boti, ngazi, kishikio cha gurudumu la akiba. Huko makosa yake yataonekana kabla hayajaua mtu.

Hatua ya sita: kufunga

Tenga siku nzima, sakafu ngumu, jeki na stendi za kuegemeza gari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shusha gurudumu la akiba, na ikibidi legeza mpira wa ekzosi. Safisha chesisi kwa brashi ya waya pale chuma kitakapogusana. Ile lami ya kuzuia kutu iliyopakwa chini ya gari iondoe kabisa sehemu hizo. Ikibaki katikati ya vyuma viwili, hukandamizika baada ya wiki kadhaa na bolti ulizokaza sana zinakuwa zimelegea bila nati kuzunguka hata kidogo. Ukiona kutu inayobonyea kwa nyundo kwenye chesisi yenyewe, simamisha kazi. Magari yaliyokaa ufukweni huoza kuanzia ndani, na hakuna kiungio cha kufunga kwenye maganda.

Tumia matundu yaliyokuja na gari. Chesisi nyingi za pikapu zimeachiwa matundu hayo tayari, ni kuondoa plagi za mpira tu. Ikilazimu kutoboa, toboa ubavu wa reli ya chesisi, kamwe usitoboe uso wa juu wala wa chini, kwa kuwa huko ndiko chuma kinakobeba mvuto mkubwa wa kupinda. Marufuku hiyo hiyo ni ya kuchomelea. Na reli ikiwa ya boksi, weka kipande cha bomba ndani ambacho bolti itapita, ili ukikaza usiibonyeze reli.

Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Zote. Angalia chuma kimekaa katikati, kipo sawa kushoto na kulia, hakigusi ekzosi wala bomba la breki. Ndipo uanze kukaza, ukipokezana pande mbili, kwa spana ya kupimia nguvu. Kitabu cha kiungio kitakupa kipimo. Kama hakipo, bolti ya M12 ya daraja la 8.8 huhitaji takriban nyutani-mita 80, na ya M16 takriban 200. Kipira cha kawaida cha bolti mbili hukaa kwa M16, matundu yakiwa na umbali wa milimita 90 katikati hadi katikati. Nati zenye nailoni zikishafunguliwa usizirudishe, weka mpya.

Kuhusu bolti zenyewe. Watu wa pwani tunapenda stenlesi kwa sababu haishiki kutu. Kwa vifaa vya tanga na reli za boti ni sawa. Kwa kiungio cha kuvuta, hapana. Stenlesi ya kawaida ya A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8, na ikikaa ndani ya chuma cha kawaida penye maji ya chumvi huharakisha kutu ya chuma kile kinachoizunguka. Bolti inabaki inang’aa huku tundu lake linapanuka. Nunua 8.8 iliyopakwa zinki, na uhakikishe namba 8.8 imechongwa kwenye kichwa chake.

Mwisho wa kazi hii pima kimo: kutoka chini hadi katikati ya kipira, gari likiwa na mzigo, kiwe kati ya milimita 350 na 420. Pikapu iliyonyanyuliwa itahitaji kibao cha kushushia kipira. Hicho nacho kina namba yake. Tela lilale sawa au pua ishuke kidogo. Likiinua pua, tarajia kuyumba.

Hatua ya saba: umeme

Pikapu ni volti 12, malori mengi makubwa ni 24. Tela la volti 12 likichomekwa kwenye lori la 24 globu zake huungua papo hapo. Kwa soketi ya pini saba ya volti 12, mpango unaotumika ni huu:

- Pini 1, njano: indiketa ya kushoto
- Pini 2, buluu: taa ya ukungu ya nyuma, na mara nyingi huachwa tupu
- Pini 3, nyeupe: athi, yaani waya wa kurudisha umeme
- Pini 4, kijani: indiketa ya kulia
- Pini 5, hudhurungi: taa ndogo ya nyuma kulia
- Pini 6, nyekundu: breki
- Pini 7, nyeusi: taa ndogo ya nyuma kushoto

Soketi ya volti 24 ina mpangilio tofauti, hivyo usiinakili hii. Na rangi hizi ni za waya wa tela. Waya za gari la Kijapani zina rangi zake, kwa hiyo tafuta kila moja kwa taa ya majaribio, mtu akiwa ndani ya gari anakanyaga breki na kupiga indiketa. Gari la kisasa linalofuatilia globu zake kwa kompyuta lisidungwe dungwe waya. Weka kisanduku cha rilei kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi.

Waya wa athi uwe mnene kuliko wengine, milimita 2.5 za mraba si nyingi, na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king’ae, kisha upakwe grisi. Malalamiko mengi ya taa za tela pwani ni athi iliyokula kutu. Dalili yake ni hii: unapiga indiketa, taa za breki nazo zinawaka hafifu kwa kupepesa. Usibadilishe globu, kasafishe athi.

Hatua ya nane: breki, minyororo na waya wa kukatika

Tela dogo lenye breki kwa kawaida hutumia breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela husukuma mkono wake, nao huvuta kebo za breki. Mfumo ni mzuri, ila unataka grisi kwenye mkono na kebo zilizorekebishwa sawa pande zote mbili, la sivyo tela hukuvutia upande mmoja.

Waya wa kukatika ni ule mwembamba unaovuta breki za tela endapo kikombe kitachomoka. Ufunge kwenye tundu au pete iliyo kwenye chuma kilichofungwa kwenye chesisi. Kuuzungusha shingoni mwa kipira ni kazi bure, kwani kipira kikitoka nao unatoka.

Minyororo miwili ipitie chini ya mkono wa tela kwa kupishana, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, ili pua ikianguka ilale juu yake badala ya kuchimba lami. Iwe mirefu ya kutosha gari kukata kona, mifupi ya kutosha isiburute. Kila mmoja uwe na uwezo wa kushika tela zima, na shakeli zake vilevile.

Malori makubwa, kwa ufupi

Hapa vifaa vingi huja na lori, na kazi yako ni ukaguzi. Kingpini, ile pini nene iliyo chini ya pua ya tela, ikiwa ya inchi 2 ina milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikilika hadi 49 imekwisha. Sahani ya kichwa cha lori inayolibeba tela, na taya zake zinazoishika kingpini, ziwe na grisi safi. Mchanga wa Garsen ukichanganyika na grisi ya zamani hugeuka msasa, kwa hiyo futa yote kwanza kabla ya kupaka mpya.

Ukiunga kichwa na tela, hakikisha hakuna mwanya kati ya sahani na tumbo la tela, shuka uchungulie kwa tochi kama taya imeifunga kingpini, mpini umerudi ndani na kufuli yake imekaa. Mirija ya hewa: chomeka ya njano kwanza, kisha nyekundu. Ukitenganisha, toa nyekundu kwanza. Sababu yake ni kwamba nyekundu ndiyo inayoweza kuachia breki za tela, na hutaki ziachie kabla ile ya njano, inayopeleka amri ya breki, haijashika. Kisha weka gia, vuta kidogo breki za tela zikiwa zimeshika, uone kama limekamata. Utingo asisimame katikati ya kichwa na tela wakati huo, hata akisema amezoea.

Kwa uzito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, 18 kwa ekseli mbili za pamoja, 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56.

Chumvi na mchanga

Kifaa kinachokaa miaka kumi Nairobi kinaweza kutuaga hapa kwa miaka mitatu. Tela la boti liwe la chuma kilichochovywa zinki baada ya kuchomelewa. Rangi juu ya weldi mbichi haifiki kusi ya pili.

Ukifika ufukweni usikimbilie majini. Beringi za magurudumu zimepata moto njiani. Ukizitumbukiza ghafla, hewa iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu husinyaa na kuvuta maji ya bahari kupita sili. Subiri zipoe, na muda huo chomoa plagi ya taa, funga boti vizuri na uangalie maji yanavyokwenda. Siku za bamvua maji hukimbia mbali, nawe utajikuta unaendesha juu ya mchanga mbichi ambao jana ulikuwa bahari. Maji mafu ni ya kujifunzia.

Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi za gari na tela hadi kama psi 18, weka gia za chini za magurudumu manne, na usizungushe tairi zikianza kuchimba. Ikishindikana, tenga tela, peleka gari kwenye mchanga mgumu, livute tela kwa mshipi mrefu uliofungwa kwenye fremu yake. Na hili lichukue kwa uzito wake: usivute gari lililokwama kwa kufunga kamba kwenye kipira. Kipira hakikutengenezwa kwa mshtuko huo, na kikikatika huruka na kamba. Kimeshaua watu katika nchi mbalimbali. Tumia ndoano za uokoaji zilizo kwenye chesisi, na watazamaji wasogee mbali.

Wenye boti nzito huweka kipira cha pili mbele ya pikapu ili walisukume tela majini wakiliona, gari nalo likibaki na ekseli ya nyuma mahali pakavu. Ni wazo zuri mno, na sielewi kwa nini halijaenea zaidi.

Baada ya maji, osha kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo: ndani ya mabomba ya fremu, ndani ya ngoma za breki, juu na chini ya springi. Usiliegeshe tela na breki ya mkono ikiwa imevutwa baada ya kuingia baharini. Viatu vya breki hushikana na ngoma kwa kutu. Weka mawe au vigingi chini ya magurudumu. Na miezi ya kusi kali, boti zinapolala, nyanyua ekseli juu ya mbao, paka kipira grisi, kivalishe kofia. Grisi ya beringi iwe ya majini, ibadilishwe kila mwanzo wa msimu.

Karatasi

Tela husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lenyewe na kupata namba yake, inayoanza na Z. Haliazimi namba ya pikapu. Liwe na vibao vya kuakisi mwanga nyuma. Leseni ya lori kubwa lenye tela ni daraja la CE. Kampuni ya bima nayo iulize kwa maandishi kama bima ya gari inahusu tela likiwa limefungwa na likiwa limetengwa, kwa kuwa majibu hutofautiana.

Safari ya kwanza

Usianze na Mokowe. Nenda Gede na kurudi, ukiwa na nusu ya mzigo. Simama njiani, weka kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Kisichogusika kina beringi iliyokazwa mno au breki inayoshika. Ukirudi, kaza tena bolti zote kwa spana ile ile, kisha rudia baada ya kilomita 1,000. Kipira kipime kila msimu, kwani kikifika chini ya milimita 49 kinabadilishwa.

Ukishaamua kwenda Lamu, sanduku liwe na seti ya beringi na sili za gurudumu moja, grisi, globu, fyuzi, pini ya akiba, shakeli mbili, jeki inayoingia chini ya ekseli ya tela likiwa na pancha, na tairi ya akiba ya tela lenyewe, kwa sababu ya pikapu mara nyingi haiingii. Kati ya Minjila na Witu duka la beringi si la kutegemea.